Vulcan 900 LT, C50T au V Star 950 Tourer: ipi ya watu wawili kwa safari ndefu?

Mdau_wa_Dallas

Wakuu, habari za kazi. Nataka kruza ya mtumba ya kusafiria, siyo ya mbwembwe za wikendi tu. Leseni ya daraja M (ya pikipiki) ninayo. Nina kilo 95 na urefu wa futi 5 na inchi 8, mke ana kilo 70, na tutakuwa wawili karibu kila safari. Njia zenyewe ni I-45 kushuka Houston, maili 240 hivi, na I-35 kupanda Oklahoma City, maili 200 na kidogo. Siku za kazi nitaingia nayo kwenye foleni, na jua la Agosti la Texas mnalijua.

Nimechuja zikabaki tatu: Kawasaki Vulcan 900 Classic LT, Suzuki Boulevard C50T na Yamaha V Star 950 Tourer. Zote zinakuja na kioo cha mbele, mabegi ya pembeni na kiegemeo cha abiria, kwenye picha ni mapacha. Kuna pia Honda Shadow Aero 750 ya 2007 naiona imekaa sokoni muda mrefu kwa bei ya kutupa. Ninachotafuta ni zile tofauti ambazo mtu anazigundua akishamaliza maili elfu kumi. Ya kwenye brosha nimeshayasoma.

Spana14

Mkuu, anza na tenki, cc zitafuata. Vulcan inabeba galoni 5.3 (lita 20), V Star 4.4, C50T 4.1. Pikipiki za daraja hili zinakwenda kama maili 45 kwa galoni ukiendesha kistaarabu. Weka abiria, mwendo wa maili 75 kwa saa na upepo wa usoni, piga hesabu ya 40. Hapo Vulcan inafika maili 212 mpaka tenki likauke, V Star 176, C50T 164. Ukiondoa maili 35 za akiba, mwenye C50T anatafuta kituo kila baada ya maili 130 hivi. Kwenda Houston hilo halina tabu, vituo vimejaa na mke atataka kunyoosha mgongo kabla ya hapo. Tabu inaanza siku mkielekea magharibi kupita Fort Stockton, kule kituo na kituo vinaachana.

Injini sasa. Vulcan (cc 903) na C50T (cc 805) zina rejeta na feni. V Star (cc 942) inapozwa na hewa tu. Barabara ikiwa wazi huoni tofauti. Kwenye foleni kukiwa na nyuzi 38, silinda ya nyuma ya V Star inakuchoma paja la ndani, na oili inapata joto kuliko kwenye hizo nyingine, hivyo usisogeze tarehe ya kuibadilisha. Mwenye rejeta naye ana deni lake: kulanti, mipira, kidhibiti joto na feni yenyewe. Siku ya kukagua iache kwenye sailensa (injini inaunguruma bila kuvuta mafuta) mpaka feni iwake. Isipowaka, usinunue kwa ahadi ya "ni swichi tu".

Yoyote utakayochukua, oili iwe na alama ya JASO MA au MA2, viwango vya Kijapani vya oili za pikipiki. Klachi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na oili za magari madogo zilizotengenezwa kupunguza msuguano zinaifanya iteleze. Utaona ukiwa gia ya tano: unavuta mafuta, resi inapanda, mwendo unabaki palepale.

Breki: Vulcan na V Star zina diski mbele na nyuma. C50T nyuma ni ngoma. Inashika vizuri tu, ila mkiwa wawili na mizigo kwenye mteremko mrefu diski inatoa joto haraka zaidi. ABS, ile ya kuzuia tairi lisifunge ukikanyaga breki, usiitafute kwenye hizi tatu.

Kwa matumizi uliyoeleza, kura yangu ni Vulcan.

Klachi_Pleti

Spana14 umeruka jambo moja kubwa: rimu. V Star 950 ina rimu za kumimina na tairi lisilo na tyubu. Vulcan LT na C50T nyingi utazikuta na rimu za spoki, ndani kuna tyubu. Msumari ukiingia kwenye tairi la V Star, unauchomoa, unachomeka kamba ya raba yenye gundi, unajaza upepo kwa pampu ndogo ya betri, dakika 15 umeondoka hadi kwa fundi. Ukiingia kwenye tyubu, tairi linashuka mara moja, na gurudumu la nyuma lazima litoke. Kando ya I-45, pikipiki ya karibu kilo 300, mabegi yamejaa, jeki huna: hapo unaita gari la kuvuta. Anayesafiri na mke alipe jambo hili uzito kuliko galoni moja ya mafuta.

Halafu kuna shafti na mkanda, yaani kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. C50T na ile Shadow ni shafti, Vulcan na V Star ni mkanda. Watu wanasema shafti haina matunzo, na ndiyo maana unazikuta zimeliwa. Kule nyuma kuna oili ya gia, SAE 90 ya GL-5, mililita 200 hivi tu. Ikitoka na unga wa kumetameta kidogo ni kawaida. Ikitoka na vipande, meno yamekwisha. Kubwa zaidi ni meno ya kuunganishia gurudumu na shafti. Kila tairi la nyuma likitolewa, meno yale yafutwe na kupakwa grisi nzito ya molibdenamu. Duka la matairi lenye haraka linarudisha gurudumu kavu, meno yanasagana, unaona unga mwekundu kama kutu, na siku moja injini inaunguruma, gia imeingia, pikipiki haiendi.

Kupima bila kufungua: nyanyua tairi la nyuma, weka gia ya kwanza, zungusha gurudumu mbele na nyuma kwa mkono. Mchezo mdogo upo kwenye kila shafti. Ukisikia "ko!" nzito na gurudumu linatembea sana kabla ya kushika, muulize muuzaji grisi ilipakwa lini. Akikutolea macho, umeshapata jibu.

Mkanda ni msafi na kimya, ila kokoto ikinasa kati yake na puli inautoboa. Washa tochi, sukuma pikipiki pole pole ukikagua mzunguko mzima: nyuzi zilizochomoza kando, meno yaliyopasuka kwenye shina, tundu katikati. Mkanda ni duara lisilo na kiungo. Kuubadilisha lazima mkono wa nyuma unaobeba gurudumu ufunguliwe, kwa hiyo gharama si mkanda, ni saa za fundi.

Mdau_wa_Dallas

Shukrani sana wakuu, hilo la tyubu sikuwa nimelifikiria kabisa. Je, Shadow ya bei ya kutupa niiache? Na nikienda kuangalia yoyote, nianze wapi?

Spana14

Nakubali kuhusu tyubu, ni kweli nililiruka.

Shadow Aero ya 2007 ni ya kabureta, na tenki lake ni lita 14. Injini yenyewe ngumu, haisumbui. Lakini cc 745 kwa watu wawili wa jumla ya kilo 165 na maili 75 kwa saa, utakuwa umekamua mafuta hadi mwisho kila ukitaka kupita lori. Na iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa, petroli ya hapa yenye ethanoli imeshaacha utando kwenye kabureta. Dalili: inawaka ukivuta choki tu, ukirudisha choki inazima. Hapo tundu la mafuta ya sailensa limeziba. Dawa ni kufungua, kusafisha kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Usilichokonoe kwa waya, ukilipanua mchanganyiko unaharibika moja kwa moja. Kwa sababu hiyohiyo, ukiangukia Suzuki za kabla ya 2005, zile Volusia 800, jua kwamba nazo ni kabureta. C50 kuanzia 2005 ni za sindano, mafuta yanapulizwa kwa pampu badala ya kabureta.

Ukaguzi: mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, huenda anakuficha kwamba inasumbua kuwaka ikiwa baridi. Kwenye za sindano, fungua swichi kisha usikilize pampu ivume sekunde mbili tatu, taa ya FI (ya mfumo wa sindano) izimike, ndipo ubonyeze stata.

Beba multimita. Betri ikiwa imepumzika isome kama volti 12.6. Injini ikiwa resi 4,000 isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, ama stata koili (koili ya kuzalisha umeme, siyo ile stata ya kuwashia) ama regyuleta imekufa. Ikipita 15, regyuleta inapika betri. Wengi wanabadilisha betri mbili tatu kabla ya kupima hili.

Simamisha gurudumu la mbele hewani, zungusha usukani taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ukinasa katikati kama umeingia kwenye kishimo, beringi za shingo zimekwisha. Na weka namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama kuna marekebisho ya kiwandani ambayo hayajafanywa. Ni bure.

Kiti_cha_Nyuma

Samahani wadau, mbona mwenye mgongo hajaulizwa? Kaka, hizi zote ni za chini: kiti cha V Star kiko milimita 675, Vulcan 680, C50T 700. Ni raha kwa mguu wako kufika chini, ila uchini huo umepatikana kwa kufupisha mwendo wa shokapu ya nyuma. Mkikaa wawili inazama, ikikuta kishimo inagonga mwisho, na kipigo chote kinakwenda kwenye uti wa abiria. Kabla ya safari ongeza mkazo wa springi ya nyuma, halafu jaza upepo kwa kipimo cha watu wawili. Stika ya pikipiki inatenganisha mtu mmoja na wawili.

Na uzito uhesabiwe. Kwenye shingo ya fremu kuna kibao kinachoonyesha uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, GVWR. Toa uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta, kinachobaki ndicho chenu. Vulcan LT na V Star Tourer zote zina kama pauni 657. Tuseme kibao kinasoma 1,060: zinabaki pauni 403, yaani kilo 183. Nyinyi ni 165. Helmeti mbili, majaketi na buti ni kilo kumi hivi. Zimebaki kilo 8 za nguo na maji. Kwa hiyo lile sanduku kubwa la nyuma mnaloliona dukani lisahauni, maana pia linakaa nyuma ya ekseli na kufanya usukani kuwa mwepesi.

Kioo nacho: ncha yake ya juu iwe usawa wa pua ya dereva, utazame juu yake, usitazame ndani yake. Kikiwa kifupi, upepo unampiga dereva kwenye helmeti. Kikiwa kirefu mno, mvua ya usiku inakufanya kipofu.

Resi_Nane

Kwani hamuitaji Honda Rebel 1100T? Ina nguvu kuliko zote hizo, ina ABS, na ya gia otomatiki ipo.

Klachi_Pleti

Tenki galoni 3.6, mnyororo wa kupaka oili kila maili mia kadhaa, na kiti cha nyuma ni kitambaa cha mapambo. Kwa mtu mmoja nakubali.

Mdau_wa_Dallas

Naenda Jumamosi kuona Vulcan LT ya 2012, maili 11,000, hati safi. Muuzaji yuko Waco. Amenitumia picha ya tairi la nyuma, kashata (meno ya tairi) bado ndefu kabisa, mwisho wa namba za DOT ni 3513. Nikiridhika nirudi nayo nikiiendesha?

Spana14

3513 ni wiki ya 35 ya mwaka 2013. Kashata ndefu hazikusaidii, raba imeshakauka na haishiki lami, hasa ikinyesha. Angalia na la mbele, halafu punguza kwenye bei matairi mawili, tyubu mbili na kazi ya fundi. Ukiwa pale muulize pia mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Yakiwa rangi ya chai ya rangi, ongeza chupa moja ya DOT 4 kwenye hesabu.

Kurudi, ipakie kwenye trela. Kamba nne za kukaza. Mbili za mbele zifungwe kwenye kiungo cha chini cha usukani, siyo kwenye mikono yake, uzikaze mpaka shokapu za mbele zizame nusu. Ukizizamisha hadi mwisho unapasua sili. Mbili za nyuma zishike fremu. Ukishatembea maili kumi simama ukaze tena.