Niliacha kazi ya viyoyozi, naambiwa nisifanye kazi hiyo Kenya nzima kwa miaka 2

fundi_baridi: Hamjambo wenzangu. Mimi ni fundi wa viyoyozi hapa Mombasa. Nimefanya kazi na kampuni moja miaka 5, hoteli za Nyali mpaka Diani. Nikatoa notisi vizuri, nikahamia kwengine. Juzi nimeletewa barua ya wakili: eti mkataba wanikataza kazi hii popote Kenya kwa miaka 2. Sahihi ni yangu, sikatai. Niliitia juu ya boneti ya pikapu, alfajiri, tukikimbilia feri ya Likoni, na nakala sikupewa. Ninachokijua ni kuchomea paipu na kujaza gesi. Miaka 2 watoto wale nini?

karani_wa_mikataba: Pole kaka. Usiwasikize wanaosema kifungu kama hicho ni karatasi tupu. Sheria ya Kenya ya mikataba inayozuia biashara, Sura ya 24, yasema hakibatiliki kwa sababu tu kinamzuia mtu kazi. Lakini sheria hiyo hiyo yaipa mahakama nguvu ya kukibatilisha kikipita kiasi, kwa kutazama aina ya kazi, muda na eneo. Wewe ulihudumia Mombasa na Kwale. Ukitengeneza friji Kisumu, wamepoteza mteja gani? Shikilia hapo.

Wakili wao huenda akataja kesi ya Nordenfelt ya Uingereza, 1894: alizuiwa biashara yake miaka 25, karibu dunia nzima, na mahakama ikakubali. Mwambie Nordenfelt alikuwa ameuza biashara yake ya silaha akalipwa. Wewe umeuza nini? Mwaka 1916 mahakama hiyo hiyo ya Uingereza ilikataa kumfunga mhandisi kwa miaka 7, maana ujuzi mtu alioupata kazini ni wake. Jambo hili laniuma sana, fundi kunyimwa mikono yake mwenyewe.

Cheti cha utumishi wamekupa? Ni haki yako chini ya Sheria ya Ajira ya 2007.

fundi_baridi: Hawajanipa. Wanasema mpaka niache kazi mpya.

karani_wa_mikataba: Hawana ruhusa ya kukishika rehani. Dai kwa maandishi.

bi_mkubwa_kisauni: Mwanangu, nijibu kweli. Nambari za mameneja wa hoteli umetoka nazo?

fundi_baridi: Ziko kwenye simu yangu, mama. Wawili wamenipigia wenyewe. Mmoja nilimpigia mimi.

bi_mkubwa_kisauni: Basi huyo mmoja ndiye atakayekuponza. Ujuzi ni wako, ila wateja waliupata wao, na mahakama huwasikiza zaidi hapo. Usimpigie tena mteja wao yeyote. Wala usifute kitu kwenye simu. Ukifuta utaonekana waficha. Omba nakala ya mkataba kabla ya kujibu lolote, na barua ya jibu iandikwe na wakili, si wewe.

fundi_baridi: Nimeelewa mama. Kesho asubuhi naenda kuomba nakala.