Ushauri: SACCO ya hapa Kisumu 100,000 au kandarasi ya nje dola 1,100?

Kondele_Dev: Wadau, mimi ni mtengeneza programu. SACCO inatoa shilingi 100,000 kwa mwezi kabla ya makato, ajira ya kudumu. Kampuni ndogo ya Marekani inatoa dola 1,100 kwa mwezi, kandarasi ya miezi sita, kazi ya nyumbani. Ipi ina maana?

MakatoTu: Linganisha za mkononi kwanza. Kwa viwango vya 2025, SACCO ingekukata NSSF (pensheni) 4,320, SHIF (bima ya afya) 2,750, ushuru wa nyumba 1,500 na PAYE (kodi ya mapato) kama 19,800. Ungebaki na takriban 71,600. Dola 1,100 kwa shilingi 129 ni 141,900, ila hapo hakuna wa kukukatia. Tenga 30% kila malipo yanapoingia; hiyo inafunika kodi, SHIF na ushuru wa nyumba. Unabaki na kama 99,000. Kodi ya mwaka ikizidi 40,000, KRA (mamlaka ya kodi) inaitaka kwa awamu: tarehe 20 Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Watu hula zote, halafu wanakopa kulipa kodi na riba yake.

Mama Sajili: Hiyo tofauti ya 27,000 si faida tupu. Toa humo gharama ya laptopu, intaneti ya pili, betri ya siku stima imepotea, na likizo isiyolipwa. Mwajiriwa ana siku 21 za kazi kwa mwaka. Mwajiriwa wa mshahara wa mwezi pia analindwa na notisi ya siku 28. Wewe kwenye kandarasi utapata kilichoandikwa tu, kwa hiyo dai notisi ya siku 30, ankara ilipwe ndani ya siku 14, na ada ya kutuma pesa iwe juu yao.

Paybill_Nyanza: Iulize SACCO kazi yenyewe ni ipi. Kama mfumo mkuu, ule unaoendesha akaunti za wanachama, ni wa kununua na hawana msimbo chanzo (source code), utaishia kurekebisha printa. Kama utaunganisha M-Pesa kupitia Daraja (huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa), hapo kuna ujuzi unaouzika kwa shule na hospitali pia. Taarifa ya malipo ikija mara mbili, mwanachama anawekewa pesa mara mbili. Lazima nambari ya muamala iwe ya kipekee kwenye hifadhidata. Anayejua hayo hakai na 100,000 muda mrefu.

Kondele_Dev: Mfumo ni wa kununua, lakini M-Pesa itakuwa yangu.

Paybill_Nyanza: Basi omba 120,000, na kifungu cha kukukataza kazi za pembeni kihusu SACCO nyingine pekee. Wakikataa yote mawili, chukua dola.

Mama Sajili: Baada ya kuuliza saa za mikutano. Saa nane mchana New York ni saa tatu usiku hapa, na majira ya baridi ni saa nne.