Raia kupanda jeti ya kivita: nini cha kujua kuhusu kiti, mikanda na nguvu ya g?

Mwana_Shangani

Heshima kwenu wakuu. Kaka yetu aliye Ulaya amemuahidi mdogo wangu wa hapa Mtwara kumlipia safari ya jeti aina ya L-39 atakapokwenda kumtembelea mwezi wa nane. Dogo ana kilo 92, urefu sentimita 184, havuti sigara, na msimu ukiwa mzuri huzamia na wageni kule Msimbati karibu kila wiki. Ndege anazozijua ni hizi za Mtwara kwenda Dar tu.

Naomba kueleweshwa na wajuzi. Raia anaruhusiwa kweli? Huko juu mambo huharibika wapi, na kwa nini? Hapa kwetu Tanzania inawezekana? Na watoto nyumbani wameshika bango wanataka kujua maisha ndani ya kambi ya ndege za kivita yakoje, maana wao wanaujua uwanja wa Nachingwea tu, ule wa enzi za mradi wa karanga.

Fundi_Spana

Tuanze na la nyumbani. Hapa hapana. Ndege za JWTZ ni za kazi, hakuna tiketi anayouziwa raia. Sisi tunaziona zikipita angani 9 Desemba, basi. Na watoto wasijaribu kupiga picha kwenye uzio wa kambi yoyote, ni kosa.

Nje kuna njia mbili. Moja ni mwaliko wa jeshi lenyewe: vikosi vya maonyesho vya Marekani, Thunderbirds wenye F-16 na Blue Angels wenye F/A-18, humpandisha mwandishi wa habari, mwalimu au mtu aliyefanya jambo kubwa katika mji wake. Hiyo hainunuliki. Ya pili ndiyo ya huyo dogo, yaani ndege iliyostaafu jeshini ikasajiliwa kiraia. L-39 Albatros ni ya Wacheki, iliruka mara ya kwanza mwaka 1968, ina injini moja na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Ilitengenezwa kufundishia marubani wa kivita. Mwendo wake wa juu ni kama km 750 kwa saa. Kutoka Mtwara hadi Dar kwa njia ya angani ni km 400 hivi, kwa hiyo ingetumia nusu saa na dakika chache. Matangi yake yanabeba lita 1,255 na injini inakunywa kwelikweli, ndiyo maana safari nyingi za kulipia ni dakika 20 hadi 30 na bei yake ni maelfu ya euro.

Swali la kwanza kwa mwenye ndege, kabla hata ya bei: kiti cha kuchomoka, kile kinachomrusha mtu nje ya ndege kwa baruti ili ashuke kwa mwavuli, kinafanya kazi, au kimezimwa? Nyingi ya ndege hizi zilizosajiliwa kiraia viti vyake vimetolewa baruti. Kama kimezimwa, aulize ni mwavuli gani atavaa na atatokaje. Kama kinafanya kazi, aulize baruti zake zinaisha muda lini, kwa sababu zina tarehe kama dawa. Kiti cha asili cha L-39 kinaweza kukuokoa ukiwa chini kabisa usawa wa ardhi, ila ndege iwe na mwendo usiopungua km 150 kwa saa. Ikisimama, hakikusaidii.

Kilo 92 na sentimita 184 kwa kawaida zinakubalika. Wengi huweka ukomo karibu na kilo 100 au zaidi kidogo. Kinachopimwa hasa ni urefu wa paja akiwa amekaa: goti likitokeza mbele, kiti kikichomoka litagonga ukingo wa dashibodi.

Mzee_wa_Karakana

Mkuu Fundi amesema vizuri. Mimi nikae kwenye mikanda tu, kwa sababu hapo ndipo watu hupona au huumia.

Mfano uko wazi. Tarehe 20 Machi 2019, kambi ya Saint-Dizier nchini Ufaransa, raia wa miaka 64 alipandishwa kiti cha nyuma cha Rafale B, jeti ya kivita ya Wafaransa yenye viti viwili. Wenzake kazini walikuwa wamemwandalia kama zawadi ya ghafla. Saa yake ya mkononi ilionyesha moyo ukipiga kati ya mara 136 na 142 kwa dakika kabla hata ya kuruka. Daktari alikuwa ameandika asizidishiwe g 3, yaani mwili usilemewe zaidi ya mara tatu ya uzito wake wa kawaida, lakini neno hilo halikumfikia rubani. Ndege ikapaa kwa mwinuko wa nyuzi 47, ikampa g 3.7. Kisha rubani akaacha kupanda, akailaza ndege iruke sawa, na hapo ikaja g hasi, kama 0.6 chini ya sifuri. Hiyo ni ile hali ya gari kuruka tuta na wewe kunyanyuka kitini, ila hii inadumu. Mikanda ilikuwa imelegea. Mwili ukaelea, mikono ikatafuta cha kushika, ikakuta mpini ulio katikati ya miguu. Mpini huo ndio wa kuchomoka.

Akatoka kwenye futi 2,500 hivi. Kwa kuwa kamba ya kidevuni haikufungwa, kofia na barakoa vilimtoka hewani. Kwa mfumo wa ndege ile rubani naye alipaswa kurushwa, ila mfumo ukashindwa kukamilika, na yeye akatua na ndege. Abiria alipona bila majeraha makubwa.

Tazameni sasa: injini haikuwa na kosa, bawa halikuwa na kosa. Ni mkanda, kamba ya kidevu, na karatasi ya daktari.

Kwa hiyo dogo afungwe hivi. Mkanda wa kiunoni kwanza, ukae chini kwenye mifupa ya nyonga na si juu ya tumbo, uvutwe mpaka auone unabana kupita kiasi. Ndipo mabega. Ukianza na mabega, yanauvuta ule wa kiuno kupanda tumboni, na ukija kwenye g hasi unateleza chini yake. Baada ya hapo kamba ya kidevu, barakoa, bomba la oksijeni, waya wa mawasiliano. Kisha ajaribu kunyanyuka. Akinyanyuka hata kidogo, aseme, wamfunge upya.

Pini za usalama zenye vitambaa vyekundu zitakuwa zimechomekwa kwenye kiti wakati anaingia. Fundi atazitoa akishafungwa na kuzihesabu kwa sauti. Baada ya kutua, asifungue mkanda hata mmoja mpaka pini zote zimerudi. Mikono muda wote iwe juu ya mapaja. Na simu ibaki chini. Ikiponyoka huko juu inaweza kwenda kukaa chini ya usukani, na usukani wa nyuma umeunganishwa na wa rubani.

Nesi_Chikongola

Niongeze upande wa mwili. Kwa g 4 kilo 92 zinakuwa 368, kama magunia manne na nusu ya korosho yamekukalia. Kichwa na kofia peke yake vinapita kilo 20. Ndiyo maana kichwa kinalazwa kwenye kiti kabla ya kona kuanza. Anayegeuka kutazama bawa katikati ya kona ndiye anayerudi na shingo iliyokaza.

Moyo uko kama sentimita 30 chini ya macho. Kila g moja inapunguza presha ya damu kufika usawa wa macho kwa milimita 22 hivi za zebaki. Mwenye presha ambayo namba yake ya juu ni 120, akifika karibu na g 5 bila kujibana misuli, zinabaki milimita 10 tu. Jicho lina presha yake ya ndani inayozuia damu hiyo ndogo kuingia, kwa hiyo kuona hupotea kabla ya fahamu. Rangi zinafifia, pembeni panakuwa giza kama unachungulia kwenye bomba, halafu giza tupu huku bado unasikia. Akiona rangi zinafifia aseme papo hapo. Rubani akilegeza kona, macho yanarudi ndani ya sekunde chache.

Kujibana kunaanza kabla ya kona. Kaza vigimbi, mapaja na makalio. Vuta hewa ya kutosha, funga koo, sukuma kama unanyanyua ndoo nzito. Kila baada ya sekunde 3 achia pumzi kidogo na uvute nyingine haraka, miguu isilegee hata mara moja. Wengi hukosea kwa kubana pumzi sekunde 10 mfululizo: kifua kikibanwa muda mrefu kinazuia damu kurudi moyoni. Wengine huongea katikati ya kona, hewa yote ikatoka. Suti ya g, ile yenye mifuko ya hewa tumboni na miguuni, inaongeza uvumilivu wa g 1 hadi 1.5 tu. Kazi kubwa inabaki ya misuli.

Ale saa mbili kabla: ndizi, mkate, chai. Asile maharage usiku wake, gesi ya tumboni inatanuka ndege inapopanda. Maji anywe ya kutosha tangu jana yake. Akiwa na mafua asipande, masikio hayatafunguka wakati wa kushuka. Kichefuchefu kikija avue barakoa kwanza ndipo atumie mfuko, na atazame upeo wa mbali, si mapajani.

Fundi_Spana

Watoto nimewakumbuka. Kambi ya ndege inaanza siku kwa kuokota takataka. Kabla ya injini ya kwanza kuwashwa, watu hujipanga mstari mmoja kukata maegesho na njia ya kurukia, wakatembea polepole macho chini: kokoto, skrubu, waya, kifuniko cha kalamu. Mdomo wa injini ya F-16 uko chini ya tumbo, unavuta kama pampu. MiG-29, jeti ya kivita ya Warusi, ikiwa chini huziba midomo yake na kuvuta hewa kwa matundu ya juu. L-39 midomo yake iko juu ya mabawa, ndiyo maana hata uwanja wa nyasi inauweza.

Kokoto moja ikigonga panga la kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa, huacha pengo dogo kama punje ya mchele. Panga linazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, na ufa unaanzia kwenye pengo hilo hilo. Fundi huingiza kamera ya mrija, anapima kina, na kama hakijapita kiwango analainisha kingo kwa tupa ndogo mpaka pengo liwe bonde laini lisilo na kona. Kikipita kiwango, injini inatolewa kwenye ndege.

Karakana ina ubao wenye kivuli cha kila spana. Jioni kivuli kimoja kikiwa wazi, ndege haitoki mpaka spana ionekane. Masikio yanazibwa mara mbili, sponji ndani na vifuniko juu: sponji unaiviringisha nyembamba, unavuta sikio juu na nyuma, unaingiza, unaishikilia mpaka ivimbe. Na bendera ikishushwa jioni, kila aliye nje anasimama wima, hata mwenye baiskeli.

Mwana_Shangani

Shukrani sana wakuu, nimechapisha yote nimempa. Nesi, na huku kuzamia kwake?

Nesi_Chikongola

Hapo tatizo lake si jeti, ni ndege ya Mtwara kwenda Dar. Nitrojeni aliyoivuta chini ya maji inahitaji muda kutoka, na shinikizo la hewa likishuka mapema inatengeneza mapovu kwenye damu na viungo. Mzamio wa mwisho uwe umepita saa 24 kamili kabla ya kupanda ndege yoyote. Kufikia siku ya jeti atakuwa amepita siku kadhaa, mradi asizamie tena huko.

Masikio yake yatakuwa mazuri, kwa sababu kubana pua na kupuliza wakati wa kushuka anakujua tayari. Ila wazamiaji wamefundishwa wasibane pumzi kabisa, na huku anatakiwa kuibana kwa sekunde 3. Aanze leo mazoezi akiwa kwenye kiti cha kawaida, mara tano asubuhi na tano jioni, mtu akimhesabia. Akisikia kizunguzungu anabana muda mrefu mno, apunguze.