Dalali ameshindwa kuuza nyumba yangu, sasa anataka tuirudishe sokoni vilevile, ila mimi ndiye nishushe bei!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mkataba wangu na dalali umekwisha, nyumba haijauzwa, na mtu huyohuyo kanipigia simu kwa bashasha kabisa: "Bosi, tusaini tena, ila safari hii tushuke bei, maana soko limelala." Soko limelala! Nyumba za majirani zimepata wenyewe soko likiwa limelala hivyohivyo.

Kabla ya kumpa kazi niliita madalali kadhaa waje waione nyumba. Wote walitaja bei zinazokaribiana, isipokuwa yeye. Yeye alipaa juu kabisa na kuapa kwamba ana wateja wenye hela mkononi, wanasubiri simu yake tu. Mkataba akapata yeye, tena wa dalali mmoja pekee, hakuna mwingine kugusa. Hao wateja sijawaona mpaka leo.

Huu ni mchezo wa zamani wa baadhi yao. Anakutajia bei tamu ili akufunge kwa mkataba, halafu anakaa kusubiri uchoke. Ukishachoka anaanza: punguza kidogo, punguza tena, mpaka mnafika palepale walipopataja wenzake siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba sasa tangazo limeshachuja, na kila anayelifuatilia anajua unashuka, kwa hiyo anasubiri ushuke zaidi. Yeye hajapoteza kitu. Nyumba ikiuzwa kwa bei yoyote ile, kamisheni yake anakunja.

Kinachoniuma zaidi ni zile siku za mwanzo. Nyumba ikitangazwa kwa mara ya kwanza, inaonwa na wale wote ambao tayari walikuwa wanasaka nyumba ya aina hiyo. Hao ndio wanunuzi walio moto. Wakiipita, unabaki na wanaoingia sokoni mmojammoja. Huyu bwana alizichoma siku hizo kwa bei ya ndoto, tena bei iliyozidi kidogo tu namba ya mviringo, ile inayoishia na sifuri nyingi. Watu wanaotafuta nyumba mtandaoni huweka kikomo cha bei, na kikomo huwa ni namba ya mviringo. Maana yake wengi hata hawakujua kama nyumba yangu ipo!

Na hata angetokea mtu akaipenda kwa bei ile, kama ananunua kwa mkopo, benki inataka ripoti ya mthamini. Inakopesha kwa kutazama thamani iliyoandikwa humo, maneno ya dalali haiyajui. Pengo linalobaki mnunuzi analiziba mwenyewe au anaondoka. Dalali mzoefu halijui hilo? Analijua vizuri sana.

Sasa njooni kwenye picha. Kapiga kwa simu, jioni, mapazia yamefungwa. Choo kinaonekana kifuniko kiko wazi. Kwenye kioo cha kabati yumo yeye mwenyewe, kanyanyua simu. Sebule, ambayo ndiyo sifa kubwa ya nyumba hii, haimo kabisa! Nilipomuuliza akasema mteja makini atakuja kuona mwenyewe. Aje kuona nini wakati tangazo lenyewe limemfukuza?

Wachache waliokuja, nikiuliza wamesemaje, jibu ni moja: "Hawajarudi." Hakuwauliza kama ni bei, jiko, unyevu ukutani au maegesho. Hana kumbukumbu yoyote.

Na dawa yake ya kuirudisha sokoni ni hii: tufute tangazo la zamani, tuweke jipya, ionekane imeingia leo. Picha zilezile, maelezo yaleyale! Wanunuzi si wajinga jamani. Tangazo la zamani limenakiliwa huku na kule na madalali wadogowadogo, kila mmoja na bei yake, na nyumba yenye bei tatu tofauti inanuka utapeli. Mtu akigundua ilikaa ikakosa mnunuzi, haji na swali la bei. Anauliza ina tatizo gani: hati ina mgogoro? Paa linavuja? Ndugu wanagombania urithi? Nyumba haina hata moja kati ya hayo, lakini shaka ikishaingia, utaieleza mpaka ukauke koo.

Msumari wa mwisho ni kifungu kimoja cha mkataba. Kinasema mteja aliyeletwa naye wakati wa mkataba, akija kununua ndani ya muda fulani baada ya mkataba kwisha, dalali wa zamani bado anadai kamisheni. Kifungu chenyewe sikipingi, maana wapo wenye nyumba wanaosubiri mkataba uishe wamzunguke dalali. Lakini nimemwomba majina ya aliowaleta, hataki kutoa. Sasa dalali mpya akimuuzia mmoja wao, nitalipa mara mbili? Au huo ndio mtego wenyewe, nikiogopa nisaini naye tena?

Sisaini. Namtafuta mthamini anayejitegemea kwanza, matangazo yote ya zamani yashushwe, picha zipigwe upya mchana na mtu anayejua kazi. Dalali mpya nampa mkataba mfupi, wenye ripoti ya maandishi ya kila mteja na sababu zake, na ruhusa ya kuuvunja akizembea. Wateja wa yule wa kwanza watatajwa humo kwa majina, na kamisheni ya kila mmoja itaandikwa ni ya nani.

Ndiyo maana hiyo orodha naihitaji. Waliowahi kubanwa na kifungu hiki, mlimfanyaje dalali aliyegoma kutoa majina? Barua ya wakili ilitosha au mlifika mbali zaidi? Na tafadhali, asije mtu hapa kuniambia nishushe bei.