Nichague programu gani ya kuandikia VHDL? TFC inanikaba

Mwana_Katuba
Bandugu, jambo. Niko Lubumbashi, namalizia TFC, kazi ya mwisho wa masomo, ya elektroniki. Kazi yangu ni kuongoza taa za njia panda kwa FPGA, ile chipu unayoipangia kazi mwenyewe, na kodi, yaani maagizo ya chipu, naandika kwa lugha ya VHDL. Nimechoka na programu ninayoandikia. Nitajieni moja tu iliyo nzuri: Emacs, Vim, VS Code ao Notepad++? Hapa kila mtu anasifu ya kwake. Nimebakiwa na siku 12 na usingizi sipati.

Yaya_Ruashi
Mdogo wangu, chukua Emacs. Sehemu ya kuandikia VHDL imo ndani tayari, hupakui kitu kingine, mega zako za intaneti zinabaki. Ukibonyeza koma mbili inakuandikia alama ya kutoa thamani, <= yenyewe. Kilichoniokoa mimi ni hiki: unaandika entity (orodha ya milango ya kuingia na kutoka ya saketi) mara moja, unanakili milango yake, unaibandika kama component (saketi ndani ya nyingine) ao kama testbench (kodi ya kuijaribu) nzima. Nilikuwa na milango 14, naiandika mara tatu kwa mkono, na kila mara mmoja naukosea. Vidole vitakuuma wiki ya kwanza. Vumilia.

Papa_Vim
Vim ni nyepesi kuliko zote hizo. Na ni yetu kidogo: ukiifungua bila faili, inakuomba usaidie watoto maskini wa Uganda. Bram Moolenaar aliyeiandika alikaa Kibaale mwaka 1994 akishughulikia maji na usafi, na hakuwasahau watu wa pale mpaka alipofariki 2023. Mimi kila nikiifungua nasoma ule mstari.

Fundi_Kamalondo
VHDL siijui, lakini delestaji, kukatiwa umeme, naijua. Nilikuwa napanga programu ya pampu ya maji ya mteja, saa mbili usiku umeme ukaenda, kazi ya siku nzima ikapotea kwa sababu sikuwa nimehifadhi. Nilikaa gizani nikashindwa hata kula. Kabla ya kutafuta programu, tafuta betri.

Mzee_Saketi
Mwanangu, hujasema sasa unaandikia nini, wala mashini ina RAM ngapi. Na "nimechoka" ni kuchoka na nini hasa?

Mwana_Katuba
Asante wakubwa. RAM ni GB 2, Windows 7. VS Code inaganda nikiifungua tu. Ninayotumia ni ya kawaida, shida haiko hapo. Kuna mtu hapa mjini anauza edita ya kulipia pamoja na ufunguo wake, dola 60, anasema inasahihisha makosa yenyewe. Nimekwisha kumpa 20. Nilitaka tu mniambie kama ni uamuzi mzuri.

Mzee_Saketi
Ya kawaida gani?

Mwana_Katuba
Word. Lakini mnisikilize kwanza. Kodi lazima iingie kwenye nyongeza ya TFC, na profesa anataka kurasa safi. Nikiandika Word nakuwa na kila kitu mahali pamoja, halafu nanakili nabandika Quartus, programu inayogeuza kodi iingie kwenye FPGA. Nimezoea. Sioni ubaya wake.

Shemasi_Kampemba
Ndugu, huo ufunguo ni wa wizi. Edita ya kulipia haiuzwi barabarani kwa dola 60. Unataka kuitwa fundi mbele ya watu, unaanza kwa mali ya kuiba? Emacs ni bure, Vim ni bure, Notepad++ ni bure, na wenyewe wametoa kwa moyo wao.

Mwana_Katuba
Shemasi, hizo 20 mama alizipata kwa kuuza makala, yaani makaa. Nikiacha sasa zinapotea. Nikimalizia 40, angalau ninapata kitu.

Jicho_Kali
Mimi siamini huu uzi. Mtu ana FPGA lakini hana programu ya kuandikia? Na bei imetajwa vizuri, dola 60, sifa zimetajwa, "inasahihisha yenyewe". Muuzaji ni wewe mwenyewe, unatega wanafunzi. Kama una bodi kweli, saa yake (mapigo kwa sekunde) ni ngapi na kaunta yako ya kuyahesabu ni ya biti ngapi?

Papa_Vim
Hata mimi nimeanza kuwa na mashaka.

Fundi_Kamalondo
Muacheni mtoto ajibu.

Mwana_Katuba
Nimeumia, lakini najibu. Bodi ni ya kuazima, FPGA yake ni Cyclone IV, oskileta inapiga MHz 50, yaani mara milioni 50 kwa sekunde. Ili nipate sekunde moja nahesabu mizunguko 50,000,000, kwa hiyo kaunta ni ya biti 26, maana biti 25 zinaishia milioni 33 na kitu. Quartus inanipa makosa 216 na sijui yanatoka wapi. Mistari yangu hii hapa kama ilivyo:

nyekundu <= ‘1’; – gari zisimame
kijani <= ‘0’; – watu wavuke

Yaya_Ruashi
Jamani, tazameni hizo alama!

Mdogo wangu, ile 1 imezungukwa na nukuu zilizopinda. VHDL inataka iliyonyooka, '1', pande zote mbili sawasawa. Na maelezo yanaanza kwa vistari viwili, lakini Word imeviunganisha ikakupa kimoja kirefu. Kwa Quartus hizo ni herufi isizozijua. Word inafanya hivyo yenyewe ili barua ipendeze. Hata herufi kubwa inazokuwekea mwanzoni mwa mistari, bahati yako VHDL haijali kubwa wala ndogo. Mantiki yako huenda ni nzima.

Jicho_Kali
Nimeona. Hesabu ya biti ni sahihi. Nisamehe, ndugu.

Mzee_Saketi
Mwanangu, kwa siku 12 usijifunze Emacs. Weka Notepad++, ni ndogo na rangi za VHDL inazo. Bandika kodi yote, badilisha nukuu zilizopinda kwa '. Ziko mbili, ya kufungua na ya kufunga. Halafu badilisha kile kistari kirefu kwa --. Hifadhi kwa .vhd. Siku ya nyongeza, kiongezi NppExport kinanakili kodi pamoja na rangi zake kwenda Word. Kodi itoke kule iende Word, isirudi tena.

Yaya_Ruashi
Na usijaribu kila kitu kwenye bodi ya watu. Weka GHDL, inaendesha kodi kwenye kompyuta bila bodi, na GTKWave, inakuchorea matokeo. Ile 50,000,000 ifanye generic, yaani namba unayoweza kuibadilisha kutoka nje, kwenye majaribio uiweke 5 tu, vinginevyo utangoja mpaka kesho kuona taa moja ikibadilika.

Mwana_Katuba
Nimefanya. Makosa 216 yamekuwa 3. Nimemwita mama aje aone, hajaelewa kitu lakini amefurahi. Kwa yule mtu nitakwenda kesho na mjomba, nimuombe zile 20.

Mzee_Saketi
Bandika hayo matatu.

Mwana_Katuba
La kwanza liko mstari wa 88, process (kipande cha kodi) ya kaunta. Linasema ishara moja inaandikwa na process mbili, ile

Mwana_Katuba
Umeme umekwenda, sasa natumia simu. Ukirudi nabandika yote. Nilikuwa nimehifadhi.