MREJESHO: Bolti za altaneta zilizokuwa zinalegea

Wakuu, ni yule wa Uyole, Mbeya, niliyelalamika kwamba bolti za braketi (chuma kinachoshikilia) ya altaneta, ile inayochaji betri, zinalegea kila nikitoka Tukuyu, hata nikizikaza mpaka mishipa inanitoka.

Mlionicheka kwa huko kukaza mlikuwa sahihi. Bolti moja nimeikuta imeshavutika, nati haishuki tena kwa mkono. Nikanunua mpya sokoni Mwanjelwa, za daraja la uimara 8.8 kama za zamani (namba iko kwenye kichwa cha bolti). Kisha nikafanya nilichokuwa napuuza siku zote: kusafisha. Kumbe matundu yalijaa oili, na gundi ya nati (ile ya kuzuia zisilegee) haishiki vizuri penye oili. Brashi ya waya, petroli kidogo, nikaacha pakauke kabisa, tone la gundi ya bluu, gari likalala hadi kesho yake. Gundi nyekundu sikuigusa, maana kuja kuifungua mara nyingi ni mpaka uchome moto.

Spana ya kupimia mkazo niliazima kwa fundi jirani. Ililia "ka!" (ishara kwamba mkazo umetosha) mapema mno kuliko nilivyozoea, nikadhani mbovu.

Ila mchawi mwenyewe alikuwa mauntingi ya injini (kishikio chake chenye mpira), mpira umechanika, mtikisiko wote unaishia kwenye braketi. Nimeibadilisha.

Nilichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye braketi. Tukuyu nimeenda na kurudi mara 4, mstari haujaachana, yaani bolti hazijazunguka. Na yule aliyesema nipake gundi hata bolti za silinda hedi (sehemu ya juu ya injini): hapana mkuu, hizo sithubutu.