Osiloskopu niliyojitengenezea inachora wimbi lisilolingana na mlio

Muulizaji
Nimetengeneza osiloskopu, kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme, kwa Arduino Uno, kibao kidogo cha kompyuta, na kwa kuwa sina jenereta ya mawimbi, naijaribu kwa milio ya programu ya simu, ambayo nimeiunganisha moja kwa moja kutoka tundu la hedifoni hadi pini ya A0. Mlio wa hezi 200 unaonekana, ila nusu ya chini ya wimbi haipo kabisa. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba nikipandisha mlio hadi hezi 9,000, skrini inachora wimbi safi la takribani hezi 600. Je, programu ya simu inanidanganya?

Mjibu wa kwanza
Simu haina kosa. Volti za mlio hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, ilhali pini hiyo husoma volti 0 hadi 5 tu, na volti hasi zikizidi zinaweza hata kuiunguza. Chukua rezista mbili za kiloomu 10, moja itoke kwenye volti 5 na nyingine kwenye ardhi (pini ya GND, yaani volti 0), zikutane A0. Kisha pitisha mlio kwenye kapasita ya maikrofaradi 10, upande wake chanya ukielekea A0, ili wimbi lote lisogee juu ya sifuri.

Mjibu wa pili
Hezi 9,000 ndizo zenye utamu. Kwa mpangilio wa kawaida, kibadilishi cha Uno, yaani sehemu inayogeuza volti kuwa namba, hutumia maikrosekunde 104 hivi kwa kipimo kimoja, yaani hupima takribani mara 9,600 kwa sekunde. Wimbi linalozidi nusu ya idadi hiyo halipotei, bali hurudi likiwa limejivika masafa mengine: 9,600 ukitoa 9,000 unapata 600 zako. Pandisha mlio polepole kuelekea hezi 9,500 uone kama wimbi la skrini litaongeza kasi au litapunguza.

Muulizaji
Limepunguza, na karibu na 9,600 likawa mstari unaopanda na kushuka taratibu. Nusu ya chini nayo imerudi. Nikiharakisha upimaji, tatizo litakwisha?

Mjibu wa pili
Kwa milio inayosikika, ndiyo. Ukishusha kigawanyi cha saa ya kibadilishi, yaani namba inayopunguza kasi yake, kutoka 128 hadi 16, utapata vipimo takribani 77,000 kwa sekunde, ingawa usahihi utapungua kidogo. Hifadhi kwanza vipimo mia kadhaa kwenye kumbukumbu, ambayo ni baiti 2,048 tu, ndipo uvitume kwenye kompyuta, kwa maana ukituma kimoja kimoja, utumaji wenyewe utarudisha kasi nyuma.